Nina laki nane: nijenge kompyuta ya sinema sebuleni?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Tanga. Nina Smart TV ya inchi 55, diski mbili za nje zilizojaa, na kabati la DVD kama 200 alizoacha marehemu baba. Nyingine ni muvi za dukani, nyingine ni harusi na maulidi za ukoo wetu, zimeandikwa juu kwa kalamu. Netflix tunayo, na watoto hawabanduki YouTube. Mwaka 2011 binamu yangu alikuwa na kompyuta chini ya TV, inacheza kila kitu, nikaitamani tangu siku ile. Sasa nimetenga laki nane. Nijenge yangu, au wakati wake umepita?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kujenga, usijenge. Kompyuta nunua, tena ya mtumba, ila usiiweke chini ya TV. Najua linasikika kama kitendawili, basi ngoja nikitegue polepole, maana wewe una kitu ambacho wengi wanaoniuliza swali hili hawana: hilo kabati.

Tuanze na mashine ya binamu yako. TV nyingi za wakati ule zilikuwa kioo tu. YouTube hazikuwa nayo, tundu la USB likiwapo mara nyingi lilikubali picha na nyimbo basi, na deki ya DVD nayo ilichagua diski kama mtoto anavyochagua mboga. Kompyuta ndiyo iliyoziba pengo hilo. Microsoft walitoa Windows XP Media Center Edition mwaka 2002, na mwaka huohuo kuna vijana waliokuwa wakiichokonoa Xbox ya kwanza wakaanza programu iliyokuja kuitwa XBMC, ambayo tangu 2014 inaitwa Kodi. Ukiwa na mojawapo ya hizo mbili, rimoti moja iliendesha muvi, muziki, picha na hata matangazo ya TV.

Mimi pia nilikuwa na yangu, hapa Dar. Kava kubwa jeusi, prosesa ya Core 2 Duo, Windows 7, na kadi ya TV niliyoagiza kwa mtu aliyekuwa anatoka Dubai. Ilirekodi taarifa ya habari ya saa mbili usiku peke yake, nikirudi nyumbani saa tatu naikuta. Nilijiona nimefika. Halafu usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam. Majirani wanapiga madebe kuukaribisha mwaka, mimi nimekaa naangalia chenga. Kadi yangu ilikuwa ya analojia, matangazo mapya yalikuwa ya dijitali, na kadi ya aina hiyo niliitafuta Kariakoo nzima nikachoka. Mwaka 2015 Windows 10 ikaja bila Media Center. Mashine yenyewe iliuawa na kitu kingine kabisa: mjusi aliingia kwenye paua sapulai kufuata joto, akagusa pasipoguswa, wakaenda wote wawili.

Nimekusimulia hayo kwa sababu kila kazi iliyofanywa na mashine ile, leo ama inafanywa na TV yako, ama imefungiwa. Kurekodi mpira kutoka kwenye king'amuzi cha kulipia, kwa mfano, sahau. Chaneli zimefungwa kwa kadi, na waya wa HDMI unaotoka kwenye king'amuzi una kinga ya HDCP inayozuia kunakiliwa. Kadi ya DVB-T2, yaani ya kupokea TV ya dijitali kwa antena, itakupa chaneli za bure tu, na hizo TV yako huenda tayari inazipata kwa antena.

Kwa Netflix, kompyuta siyo sawa na TV. Ni duni kuliko TV. Hili ndilo linalowashangaza watu. Kampuni hizi haziitoi picha bora kwa kila anayelipa, zinaitoa kwa kifaa zinachokiamini. Kinga inayotumika sana kwenye Android na kwenye Chrome inaitwa Widevine, nayo ina madaraja: L1 ni ulinzi uliomo ndani ya chipu, L3 ni ulinzi wa programu tupu. Kompyuta ya Linux, ule mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, hata uijaze RAM mpaka imwagike, inahesabiwa L3 na inapewa picha ya daraja la chini. Ya Windows inaweza kufika 4K, ila mpaka prosesa yake ijue kufungua HEVC ya biti 10 (namna ya kubana video za 4K), waya na kioo vikubali HDCP 2.2, na utumie Edge, kivinjari cha Microsoft, au programu ya Netflix wenyewe. TV yako ilishamaliza usaili huo kiwandani. Unabonyeza kitufe chekundu kwenye rimoti, basi. Na kwa kuwa wengi wetu tunaishi kwa bando, ujue kwamba Netflix wenyewe wanasema saa moja ya 4K inaweza kula GB 7. Kompyuta haipunguzi hata moja.

Halafu kuna suala la rimoti. Kompyuta za kawaida haziongei ile lugha ya HDMI inayofanya rimoti ya TV iendeshe kifaa kingine. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inaiongea, kompyuta ya mezani kwa kawaida haiongei. Kwa hiyo utakuwa na kibodi ndogo kwenye kochi. Wewe utaizoea. Mama mkwe akija, atakuita jikoni, chooni na msikitini kukuuliza kwa nini kuna dirisha katikati ya tamthilia yake linalosema kompyuta itajiwasha upya.

Kama tatizo lako ni kwamba TV imekuwa nzito kufungua programu, dawa ni kisanduku kidogo chenye cheti: cha Google TV, au Apple TV 4K, au Nvidia Shield TV Pro kwa mwenye nafasi. Shield ni ya 2019, haifungui AV1, namna mpya zaidi ya kubana video, lakini kwa kupitisha sauti nzito za muvi kwenda kwenye redio bila kuzichakachua bado inaheshimika. Ninachokuomba usinunue ni vile visanduku visivyo na jina vilivyoandikwa "8K" kwa herufi za dhahabu. Nimevifungua vingi mezani kwangu. RAM iliyoandikwa kwenye boksi na iliyomo ndani mara nyingi ni ndugu wa mbali. Hilo nalo ni dogo. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa wahalifu unaotumia vifaa vya bei rahisi visivyo na cheti cha Google, vingine vikiwa vimepandikizwa virusi kabla hata havijanunuliwa. Kifaa kinakaa sebuleni kwako kinacheza katuni, huku wezi wanapitishia mambo yao kwenye intaneti yako. Mwezi uliofuata Google ikawafungulia kesi wanaouendesha, ikisema vifaa vilivyoathirika vimepita milioni 10. Kabla hujalipa, fungua Play Store, ingia kwenye mipangilio, nenda sehemu ya "Kuhusu": kifaa halali kitaandika kwamba kimethibitishwa. Muuzaji akikataa kukiwasha, mwachie kisanduku chake.

Sasa turudi kwenye kabati la mzee, maana hapo ndipo TV yako inaposhindwa.

Chukua DVD mojawapo ya harusi, nakili mafaili yake kwenye flash, chomeka kwenye TV. Moja kati ya mambo matatu litatokea. Huenda TV ikakataa faili. Huenda ikacheza picha bila sauti: sauti ya aina ya DTS, ambayo utaikuta kwenye baadhi ya muvi za zamani, Samsung waliiacha kwenye TV zao kuanzia 2018, LG wakaiacha 2020, wakairudisha kwenye baadhi ya modeli za 2023. Na huenda ikacheza vyote viwili lakini vibaya. Msogelee bwana harusi anapopunga mkono. Utaona mkono umechanika mistari mistari, kama meno ya kitana.

Kitana hicho hakikutokana na uchakavu wa diski. Kamera za video zilizotumika kwenye harusi zetu zilikuwa za mfumo wa PAL, na hazikuwa zinapiga picha nzima kwa mpigo. Zilipiga nusu picha 50 kila sekunde: kwanza mistari ya shufwa, halafu ya witiri. TV ya chogo ilizionyesha hivyohivyo, nusu kwa nusu, na jicho likaziunganisha. Kioo cha sasa kinaonyesha picha nzima, kwa hiyo inabidi mtu azisuke zile nusu mbili. Mkono ulikuwa umeshasogea kati ya nusu ya kwanza na ya pili, ndiyo maana ukisuka kivivu unapata kitana. Kompyuta yenye programu nzuri inakisia mistari inayokosekana na kukupa picha 50 kamili kwa sekunde. Mwendo unakuwa laini, na shangazi anayemwaga mchele anamwaga mchele kweli. Nimewaonyesha wateja tofauti hiyo kwa video ya harusi yao wenyewe, na zaidi ya mmoja ameniuliza kama nimeipeleka studio.

Kwa hiyo kompyuta unaihitaji. Ila unaihitaji iwe ghala na mpishi, isiwe mhudumu. Inakaa karibu na ruta, pembeni, hata chumbani, haina kioo wala kibodi. Inabeba mafaili yote. TV inafungua programu, inaomba harusi ya 2006, kompyuta inaitengeneza vizuri papo hapo na kuituma kwa njia ya mtandao wa nyumbani. Sebuleni unabaki na rimoti uliyoizoea. Na mafaili yaleyale yanafunguka kwenye simu ya mama na kwenye tableti ya watoto, jambo ambalo mashine ya binamu yako haikuliweza.

Programu ninayoipendekeza ni Jellyfin. Ilitengana na Emby, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, Desemba 2018, ni ya bure kabisa, na programu yake ipo kwa TV za LG na kwa zote za Android au Google TV. TV yako ikiwa ya aina nyingine, kisanduku kidogo chenye cheti kitaziba pengo. Mshindani wake Plex ana sura nzuri zaidi, sikatai, lakini tangu Aprili 2025 kuangalia vitu vyako ukiwa nje ya nyumba kunalipiwa, na mimi kulipia kabati langu mwenyewe hakuniingii akilini.

Intaneti haitumiki hapo, na hilo linawachanganya wengi. Ruta inasambaza ndani ya nyumba tu. Bando likiisha, harusi inaendelea. Wala usihangaike na ruta ya gharama. DVD haipiti Mb (megabiti) 10 na ushee kwa sekunde, hata Wi-Fi ya kawaida inaibeba bila jasho. Hesabu hii ingekuwa tofauti kama ungekuwa na diski za 4K Blu-ray, ambazo zinaweza kuzidi Mb 100 kwa sekunde, wakati tundu la waya la mtandao kwenye TV nyingi linaishia 100. Kwa watu wa namna hiyo kuna kituko kingine: kucheza diski hizo rasmi kwenye kompyuta kulihitaji kinga ya Intel iitwayo SGX, na Intel wakaiondoa kwenye prosesa zao za kawaida kuanzia kizazi cha 11. Mashine mpya inashindwa kazi iliyofanywa na ya zamani! Lakini hilo si lako.

Mashine gani, basi? Hapa una bahati ya wakati. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha 8. Maofisi yamekuwa yakitupa maelfu ya vikompyuta vidogo vilivyo vizima kabisa, na mitumba hiyo inaishia kwenye maduka ya Kariakoo na ya River Road, Nairobi, kama ilivyoishia suruali. Tafuta zile ndogo zinazolingana na kitabu kinene: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk au ProDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Usinunue kava kubwa kwa sababu tu ni rahisi. Nitakueleza kwa nini nikifika kwenye LUKU.

Stika ya "Core i5" peke yake haikuambii chochote. Soma namba inayoufuata mstari. i5-6500T ni kizazi cha 6: hiyo iache, haifungui HEVC ya biti 10. i5-7500T ni ya 7, inafungua, na ukiweka Linux haikuhusu kwamba Windows 11 inaikataa. i5-8500T ni ya 8, ndiyo ningekununulia mimi. Herufi T mwishoni inamaanisha prosesa ya wati 35, isiyokula sana. Ukitaka kipya cha boksi, vile vyenye Intel N100, chipu ya 2023 ya wati 6, vinatosha kwa kazi hii na vinafungua AV1 juu yake. Raspberry Pi naipenda, lakini siyo kwa ghala hili. Pi 5 iliondolewa sehemu ya kufungua H.264, namna ya zamani ya kubana video, kwa chipu, wala haina sehemu ya kutengeneza video, kwa hiyo kusuka harusi papo hapo kutaipumulisha.

Ulisema kujenga. Zamani kujenga kulikuwa na maana kwa sababu ulichagua vipande kwa bei nafuu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda duniani kote kwa sababu vituo vya data vya akili unde vinazizoa, na SSD nazo zimefuata. Kikompyuta cha mtumba kinakuja na RAM ndani. Hakikisha ni GB 8 na imekaa mahali pake kabla hujatoka dukani.

Na ukiwa dukani, usikubali kuonyeshwa kioo kinachowaka basi. Ingia BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla Windows haijawaka, uone kama ina nywila. Iliyofungwa na ofisi ya zamani itakusumbua. Angalia chaja ni yake halisi: Dell wakikutana na chaja wasiyoitambua wanaipunguza prosesa mwendo makusudi, na utadhani umeuziwa mzigo mbovu. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski, usome saa ambazo diski imefanya kazi. Nimewahi kukuta diski "mpya" yenye saa 40,000. Sogeza sikio kwenye feni. Kwenu Tanga kuna chumvi ya bahari hewani, kwa hiyo angalia kutu kwenye matundu ya nyuma, maana nyingine huwa zimeshakaa pwani kabla ya kukufikia.

LUKU sasa. Kikompyuta nilichonacho nyumbani nilikipima kwenye soketi: wati 10 kikiwa kimetulia. Kwa kuwa ghala linawaka saa 24, hizo ni uniti 7.2 kwa mwezi. Kwa bei ya T1, ile ya matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti, ukiongeza VAT na makato mengine inakuwa kama 356, ni shilingi 2,600 hivi. Kava kubwa la zamani lenye kadi ya michoro linaweza kukaa kwenye wati 90 bila kufanya lolote: uniti karibu 65, shilingi 23,000 kila mwezi. Kama uko kwenye D1, ile ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, kava hilo peke yake linakula karibu mgao wako wote na kukusukuma kwenye bei ya juu. Ndani ya mwaka umeshawapa TANESCO zaidi ya laki mbili na nusu.

Nigawe laki nane vipi? Kikompyuta kisile zaidi ya nusu. Kilichobaki ni cha diski na UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, na hapo sitaki unipunguzie.

DVD moja ya kawaida ina GB 4.7, kwa hiyo 200 hazipiti sana TB 1, ukiacha zile chache za tabaka mbili zenye 8.5. Pamoja na diski zako mbili zilizojaa, TB 4 huenda zikakutosha, lakini nunua mbili zinazofanana. Moja inafanya kazi, ya pili unainakilia mara moja kwa mwezi halafu unaichomoa na kuipeleka kwa dada yako. Usidanganywe kwamba diski mbili zilizochomekwa pamoja ndani ya boksi moja ni salama. Mwaka 2017 nilikuwa na mbili pamoja. Umeme ulikatika jioni, ukarudi kwa kishindo, taa zikawaka nyeupe kuliko kawaida kwa sekunde moja, diski zote mbili zikanyamaza. Video pekee ya mama yangu akiimba kasida ilikuwa humo. Fundi niliyempelekea alizifungua kwa bisibisi mezani, na baada ya hapo hata maabara yenye chumba safi isingeweza kitu. Ndiyo maana nasema UPS, siyo ile soketi ndefu yenye taa nyekundu. Ndogo tu ya VA 650 inatosha kikompyuta, diski na ruta, na inakupa nafasi ya mashine kujizima kwa adabu. Iweke mbali na jiko, na kikompyuta kizibe matundu makubwa kwa wavu. Mijusi ipo Tanga pia.

Kama kutabaki chochote, nunua sabufa au spika ya chini ya TV. Spika za TV nyembamba zimeelekezwa ukutani au sakafuni, na kasida inasikika kama imeimbwa ndani ya ndoo.

Wapo ambao bado ningewaambia wajenge na waiweke palepale chini ya TV: mwenye projekta na redio kubwa anayehangaika na kila rangi ya picha, na mcheza gemu. Wa pili ndiye anayeirudisha kompyuta sebuleni kwa sasa. Novemba 2025 Valve walitangaza Steam Machine, kompyuta ya kuchomekwa kwenye TV, lakini kwa gemu. Wewe hukuniambia habari za gemu, na laki nane haifiki huko.

Ukishapata vifaa, usianze na muvi za dukani, za Kanumba wala za nani. Hizo zilichapwa kiwandani, zitakusubiri. Anza na zilizoandikwa kwa kalamu. Diski ya kuchoma ina rangi ndani yake inayofifia kwa joto na mwanga, na kabati la Tanga lina vyote viwili pamoja na unyevu. Nunua dereva ya DVD ya USB, weka MakeMKV, programu ya kuhamisha DVD kuwa faili, nakili bila kubadilisha chochote. Kusuka ile mistari ni kazi ya Jellyfin baadaye. Faili lipe jina la tukio na mwaka, siyo "VTS_01". Nakala za harusi ni zenu. Zile za dukani angalieni kwenu, msianze kuwajazia majirani flash kwa elfu moja moja.

Kuna ambazo zitagoma. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Ikigoma tena, ijaribu kwenye dereva nyingine, maana macho ya dereva hayalingani. Ikigoma kabisa, Linux ina programu iitwayo ddrescue inayosoma kipande kwa kipande na kurudia palipokwama. Iache usiku kucha. Diski moja ya mteja ilichukua saa 19, na zikapatikana dakika zote isipokuwa tatu za hotuba ya mjumbe, ambazo hakuna aliyezililia. Na mwite mama au shangazi akae na wewe unapozifungua, uandike majina ya waliomo.